Paka Wangu Anakula Ugali na Dagaa: Je, Ninamtesa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Sakina, Arusha. Nina paka dume wa miaka miwili, aliyehasiwa mwaka jana, na jina lake ni Chui. Tangu akiwa mdogo anakula ugali na dagaa, na asubuhi ninampa maziwa. Mwezi uliopita jirani aliniambia kwamba ninamtesa, na kwamba paka hutakiwa kula chakula cha dukani peke yake. Nikanunua kilo mbili za chakula cha kupima. Alikila siku nne, kisha akakisusa kabisa. Jirani anasema nimwache na njaa mpaka akubali. Manyoya yake nayo yamekuwa makavu. Naomba unisaidie: nimpe nini, nikipika mwenyewe nipike vipi, na je, akishiba vizuri ataendelea kukamata panya? Tuna stoo ya mahindi.

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na jambo ambalo haliwezi kusubiri: ushauri wa kumwacha Chui na njaa usiufuate. Mbwa mzima wa afya anaweza kususa bakuli siku mbili na asidhurike, lakini paka hakuumbwa hivyo. Paka asipokula kwa siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, mwili wake huyeyusha mafuta uliyoyahifadhi na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Ini likishajaa mafuta, paka hupata manjano na hamu ya kula hutoweka kabisa, na hapo unakuwa na mgonjwa wa kulazwa badala ya paka mwenye deko. Mrudishie dagaa wake leo hii, kisha tuyazungumze mengine kwa utulivu.

Kuhusu kumtesa, hapana, humtesi. Jirani yako amepatia nusu na kukosea nusu. Katika bakuli la Chui dagaa ndio chakula, na ugali ni kijazio. Tatizo, kama ninavyokisia kutokana na mabakuli mengi niliyoonyeshwa katika mji huu, ni kwamba kijazio kimekizidi chakula.

Kipimo ninachopenda kukitumia ninapoulizwa kuhusu chakula cha paka ni panya. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, ambaye mpaka leo yupo katika nyika zetu, na ambaye kwa maelfu ya miaka ameishi kwa kula wanyama wadogo wazima: nyama, moyo, ini, damu, mifupa myembamba, na zile punje chache zilizokuwa tumboni mwa panya. Mwili wa panya una maji takriban asilimia 70, na ukiyaondoa maji hayo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni protini, ilhali wanga ni kidogo mno. Panya mdogo wa nyumbani hutoa takriban kilokalori 30, na paka wa kilo 4 huhitaji kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, yaani panya saba au wanane, wanaoliwa mmoja mmoja usiku na mchana. Chakula chochote utakachoshauriwa kumpa, cha jikoni au cha dukani, kilinganishe na panya huyo, nawe utaona mara moja kina nini na kimekosa nini.

Kwa kuwa vizazi vyote hivyo vimekula nyama, mwili wa paka haukuwa na haja ya kujitengenezea vitu ambavyo nyama huvileta tayari. Sisi na mbwa tunaweza kuigeuza rangi ya njano iliyo ndani ya karoti na mboga za majani kuwa vitamini A. Paka hawezi, ni lazima aipate ikiwa tayari, kutoka kwenye ini, mayai au samaki. Kubwa zaidi ni taurini, kitu kilichomo katika nyama na samaki ambacho mimea karibu haina kabisa. Paka hutengeneza taurini kidogo sana na huipoteza kila siku kupitia nyongo, kwa hiyo akikaa miezi mingi bila kuipata, macho yake huharibika taratibu hadi upofu, na misuli ya moyo wake hulegea na kutanuka mpaka moyo ushindwe kusukuma damu. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa ugonjwa huo wa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na kwamba walipoongezewa taurini mioyo yao ilipata nafuu. Jirani yako angependa kujua kwamba paka hao walikuwa wakila chakula cha dukani. Ni baada ya hapo ndipo watengenezaji walipoongeza taurini katika vyakula vyao.

Sasa turudi kwenye bakuli lako. Wataalamu wa lishe huweka protini ya paka mzima kuwa isiyopungua asilimia 26 ya chakula baada ya kuondoa maji, na ya paka anayekua asilimia 30. Ukimpa Chui tonge kubwa la ugali la gramu 150, ndani yake mna unga kama gramu 50 na protini ya gramu nne hivi. Ukiongeza dagaa wakavu gramu 10, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, unapata gramu sita nyingine. Jumla ni gramu 10 katika gramu 60 za chakula kikavu, yaani asilimia 17 tu, kiwango ambacho mbwa mwenyewe kisingemtosha. Geuza kipimo: dagaa gramu 30, ambao hujaa kiganja, pamoja na ugali wa ukubwa wa yai la kuku. Protini hupanda hadi karibu asilimia 40, na paka yuleyule, kwa vyakula vilevile, anakuwa amekula kitu kinachomkaribia panya. Dagaa wana faida nyingine ambayo minofu haina, kwamba huliwa wazima na mifupa yao, hivyo huleta kalsiamu.

Wana masharti yao lakini. Wachambue na kuwaosha mara mbili au tatu, kwa sababu dagaa wengi wa ziwani huanikwa mchangani na hubeba mchanga mwingi. Dagaa wa Zanzibar huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke na umwage maji ya kwanza, au mtafutie wa Kigoma au wa Mwanza ambao hawakutiwa chumvi. Baada ya kuwachemsha, maji ya kuchemshia usiyamwage, kwa maana taurini huyeyuka ndani ya maji, na anayemwaga supu humpa paka dagaa waliokwisha kunyonywa. Changanya supu hiyo na ugali. Wachemshe hivyo peke yao, bila kitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na ndiyo sababu sipendi kusikia kwamba paka analishwa mchuzi uliobaki, wala viungo vya mchuzi vya pakiti ambavyo karibu vyote vina unga wa vitunguu. Samaki mbichi nao wana hatari yao, kwani baadhi ya aina zao zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyeikosa vitamini hiyo huinamisha kichwa kifuani na hatimaye hupatwa na degedege. Moto hukimaliza kimeng'enya hicho. Hata wakipikwa, hata hivyo, samaki wasiwe chakula cha pekee mwaka mzima: mafuta yao yakizidi huku vitamini E ikipungua, mafuta ya mwilini mwa paka huvimba na kuuma, akawa hataki hata kuguswa mgongo.

Maziwa yaache, au mpe kijiko kimoja cha kumfurahisha kama hayamharishi. Wengi wetu huku tumekua na ng'ombe bandani na paka akingoja pembeni wakati wa kukamua, kwa hiyo ninajua ushauri huu haupendezi.

Kabla sijafika kwenye kupika, nikusimulie kisa kimoja, kwa sababu watu wakishaambiwa kwamba paka ni mla nyama hukimbilia kosa la upande wa pili. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Moshi, kwenye familia yenye bucha, kuwaona watoto watatu wa paka wenye umri wa miezi minne. Walikuwa wamelishwa steki safi tangu waachishwe kunyonya, ile nyama nzuri ambayo mteja huipangia foleni, bila mfupa wala kingine chochote. Wote watatu walichechemea, na mmoja alikuwa amevunjika paja kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Picha za eksirei zilionyesha mifupa iliyofifia kama karatasi yenye mafuta. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili unapoikosa kalsiamu ya kuweka uwiano huichota kwenye mifupa yenyewe. Wenye paka hao walishangaa sana, nami niliwaelewa, kwani walikuwa wamewapa kitu bora kuliko walichokula watoto wao wenyewe. Wawili walipona baada ya kubadilishiwa chakula. Yule wa tatu aliishi lakini alibaki kilema.

Kwa hiyo ukipika, pika mnyama mzima kadiri unavyoweza, usipike mnofu. Nenda soko la Kilombero au kwa muuza kuku wa mtaani kwako na umwombe vile visivyogombewa: mioyo, firigisi, shingo, ngozi kidogo, na nyama ya paja badala ya kidari, kwa kuwa nyama nyeusi ina taurini zaidi kuliko nyeupe, na moyo nao unayo nyingi. Chemsha kwa maji machache, bila chumvi, hadi viive, kisha utoe mifupa yote, maana mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa tia nusu kijiko cha chai kilichojaa cha maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kusagwa yawe laini kama unga. Ini lina vitamini A nyingi sana, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki kinatosha. Paka anayelishwa maini kila siku kwa miaka huota mifupa ya ziada shingoni, na mwishowe hawezi kugeuza kichwa kujilamba. Yai moja la kuchemsha kwa wiki ni zuri. Ugali au wali ubaki kama nilivyosema, wa kushikiza tu, na unga usiwe ule ulioota ukungu mliouweka kando kwa ajili ya mifugo. Sumukuvu haichagui, na ini la paka ni dogo.

Hata ukifuata yote hayo, chakula cha jikoni kitaendelea kupungukiwa na vitu vidogovidogo ambavyo huwezi kuvipima kwa kijiko. Hapo ndipo chakula cha dukani kinapopata nafasi yake halali. Chakula ulichonunua wewe, kile cha kupimiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi, sikukilaumu kwa kuwa ni cha dukani, ila kwa kuwa hukujua ni nini. Huenda kilikuwa cha mbwa, ambacho hakilazimiki kuwa na taurini. Huenda gunia lilifunguliwa miezi mitatu iliyopita, na mafuta yanayopuliziwa juu ya punje yakachacha. Paka hutegemea sana pua yake katika kula, na punje zilizochacha huzijua kabla yako. Alipokisusa baada ya siku nne, mimi ningemwamini yeye kuliko muuzaji.

Nunua mfuko uliofungwa, hata kama ni mdogo, na usome maandishi ya nyuma kabla ya kutazama picha ya mbele. Kwanza hakikisha kwamba ni cha paka na kwamba kimeandikwa neno «complete», maana yake kinajitosheleza kama mlo. Kikiandikwa «complementary», hicho ni kitafunwa. Tazama kama kimetajwa kufuata viwango vya AAFCO ya Marekani au FEDIAF ya Ulaya, vyombo vinavyoweka viwango vya chakula cha wanyama, na ni cha umri gani. Kisha soma orodha ya viambato, ambayo huanza na kilicho kizito zaidi; ningependa cha kwanza kiwe nyama, kuku au samaki, si mahindi, na taurini iwe imetajwa. Tarehe ya mwisho ya matumizi iwe mbali. Usidanganyike na asilimia za protini ukilinganisha chakula cha kopo na punje kavu: kopo lenye protini asilimia 10 na maji asilimia 80, ukiyaondoa maji, lina protini asilimia 50, wakati punje zenye asilimia 30 na maji asilimia 10 zina asilimia 33 tu. Picha ya samaki aina ya salmoni, tangazo kwamba hakina ngano, maneno ya kifahari kuhusu mababu wa paka, hayo yote yanalipiwa na mnunuzi na hayamhusu Chui.

Kwa paka wa ndani aliyehasiwa mwenye kilo 4, punje peke yake ni gramu 50 hadi 60 kwa siku, hivyo mfuko wa kilo moja na nusu humtosha karibu mwezi mzima. Watu wengi hudhani ni ghali kwa sababu hujaza bakuli. Pima kwa mizani ya jikoni siku ya kwanza, kisha utafute kikombe kinacholingana na kipimo hicho. Kwa bajeti ya nyumba ya kawaida mimi ningekushauri ugawanye: punje gramu 25 hadi 30 kwa siku, na nusu nyingine ya mlo iwe dagaa au kuku uliowapika kama nilivyoeleza. Daktari wa vitabu angesema usichanganye kiasi hicho, nami siwezi kumbishia kwa hoja za vitabu; lakini mpango ambao mwenye paka anaweza kuulipia mwaka mzima ninauona bora kuliko mpango kamili unaokatika kila tarehe ishirini. Mabadiliko yachukue siku saba hadi kumi, ukianza na punje kijiko kimoja ndani ya dagaa aliowazoea. Mfuko ukishafunguliwa ukunje, uubane, uuhifadhi mahali pakavu penye ubaridi, na uumalize ndani ya wiki sita.

Chui ni dume, amehasiwa, na unataka kumwanzishia chakula kikavu. Mambo hayo matatu yakikutana inabidi nizungumzie maji. Paka pori alitokea nyikani na alipata maji mengi ndani ya mawindo yake, kwa hiyo kiu ya paka ni hafifu. Anayekula punje zenye maji asilimia 10 bila kunywa vya kutosha hutoa mkojo mzito, na ndani yake huota chembechembe kama mchanga, ambazo katika mrija mwembamba wa paka dume zinaweza kuziba njia kabisa. Zilowanishe punje kwa maji ya vuguvugu au supu ya dagaa, weka vibakuli viwili vya maji mbali na chakula, na uyabadilishe kila siku. Ndugu zako wanaoishi upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, ambako maji mengi yana floraidi iliyozidi kipimo, wampe paka maji yaleyale salama wanayojitafutia wao ya kunywa. Siku utakapomwona Chui anachuchumaa mara kwa mara, analia, na hakuna mkojo unaotoka, usingoje asubuhi, kwa sababu njia ikiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Manyoya makavu yanaweza kuwa ni uhaba wa mafuta na protini tu, na katika hali hiyo utaona tofauti baada ya wiki sita hadi nane za chakula kipya. Lakini paka anayekula panya hana budi kuwa na minyoo wakati fulani, kwa hiyo mpe dawa ya minyoo ya paka kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake, na umkague viroboto kwenye mkia na shingo. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpakae, kwani baadhi yake huua paka. Mpime uzito kila mwezi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Aliyehasiwa hunenepa kimyakimya, na mbavu zake unapaswa kuzihisi kwa vidole bila kubonyeza.

Na stoo yako ya mahindi haitakosa mlinzi. Imani kwamba paka akishiba haachi usingizi wake kwa ajili ya panya ni ya zamani, lakini paka huwinda kwa sababu kitu kidogo kimepita mbele yake, hata kama tumbo limejaa. Atakachobadilisha aliyeshiba ni kwamba huenda akaua na asile. Paka mwenye njaa ya kudumu, kwa upande wake, huishiwa nguvu za kuvizia na huhamia kwenye majalala na jikoni kwa majirani. Ninachokuomba ni kwamba wewe au jirani yako mkitega sumu ya panya, Chui afungiwe ndani mpaka mizoga yote ikusanywe na kuzikwa, kwa sababu panya aliyekula sumu hutembea polepole mchana kweupe, na ndiye atakayekuwa wa kwanza kukamatwa.